Ng'ombe wa Diwani Watangulie

Kitengela,
14 Januari 1998

Pakiteng wangu Mulei,

Sopa! Najua utautazama muhuri wa posta, utautazama mwandiko, halafu utasema, "Huyu ananitaka nini sasa?" Basi nisikuzungushe. Nimeshinda. Tangu wiki iliyopita mimi ni diwani, na mke wangu Mugure ameanza kuniita mheshimiwa kila anapotaka nimchotee maji.

Nimekaa hapa nje nikakumbuka siku ile baba alipokupa ng'ombe kwa sababu umepata nafasi chuo cha mifugo. Alisema ng'ombe amepita kati yetu, kwa hiyo mimi na wewe hatutaitana kwa majina tena, kila mmoja atakuwa Pakiteng wa mwenzake. Na wewe Mkamba wa Athi River, mtoto wa bawabu wa kiwanda cha simiti, umeshika kamba unatetemeka! Yule ng'ombe alikwenda na ukame wa themanini na nne, lakini jina bado linatembea.

Kitengela hii ukiiona utalia. Pale tulipokuwa tukilaza baiskeli na kutazama punda milia wakivuka barabara, sasa pana duka la mbao, baa na kanisa, na vyote vitatu vinapiga redio. Upepo tu ndio haujabadilika.

Sasa nisikilize. Unalikumbuka dipu letu, lile josho tulikokuwa tukipeleka ng'ombe kila Jumanne wakati wa likizo? Serikali ilipojitoa ikasema kila mtu ajitegemee, dipu likafa. Mabati yameibwa, shimo limejaa matope na chupa. Na mvua hii isiyokatika imeleta kupe mpaka wanapanda ukutani. Wenzangu kwenye kampeni waliahidi barabara, stima na ahera. Mimi niliahidi kitu kimoja: dipu litafunguliwa, na litakuwa bure kama zamani. Baba zetu walililipia kwa kodi zao. Jirani yangu Kamene ni mjane, ana ng'ombe watatu tu, na ndio karo ya watoto wake. Kwa nini aombe ruhusa ya kuwaogesha?

Lisipofunguka, ng'ombe wa watu watakwisha, na mimi nitakuwa nimewadanganya. Siasa naijua, dawa siijui. Wewe ndiye afisa wa mifugo hapo Kajiado. Njoo.

Pakiteng wako,
Sankale Metito


Kajiado,
26 Januari 1998

Mheshimiwa Pakiteng,

Hongera. Nilikuwa nimekwisha kusikia. Hapa ofisini waliniambia "rafiki yako amechaguliwa" kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi.

Nitakuja Landrova ikipata mafuta. Shimo lisafishwe mpaka kwenye saruji, nyufa zizibwe, na maji yaletwe kabla mimi sijafika, maana siji kuhutubia. Nitakuja na dawa ya aina mpya na nitamfundisha mtu wako kuipima. Kila mwezi nitachukua chupa moja ya yale maji niipeleke maabara.

Kuhusu hiyo bure yako, tutagombana. Kila mwenye ng'ombe atoe kitu, hata kidogo. Nimeona madipu ya bure, Sankale. Yanafunguliwa kwa ngoma, na mwaka unaofuata ni mazizi ya mbuzi. Dawa haijui nani alimpigia nani kura.

Lakini usidhani sikumbuki. Tukitoka dipuni tulinuka ile dawa mpaka mama alikuwa akitufungia nje tuoge kwanza. Siku hizi nikipita karibu na dipu lolote, harufu ile ikinifikia, nakuwa tena na miaka kumi na minne, na baba yako yuko mbele yetu akiwaimbia ng'ombe wake mmoja mmoja. Nilimpenda mzee yule. Ningekuja hata kama usingeniita.

Wako,
Mulei


Kitengela,
10 Juni 1998

Bwana Afisa wa Mifugo,

Nakuita hivyo kwa sababu siku ile ya kufungua dipu uliniita "Bwana Diwani" mbele ya kata nzima. Nimengoja wiki nzima hasira ishuke. Imeshuka nusu, kwa hiyo naandika.

Watu walikuja wamevaa nguo za sikukuu. Kina mama waliimba tangu asubuhi. Halmashauri ilinunua dawa kama nilivyopigania, hakuna aliyetozwa hata senti, na Kamene aliwapiga ng'ombe wake brashi kama watoto wanaokwenda kupigwa picha. Ndipo wazee wakasimama wakasema, "Ng'ombe wa diwani watangulie." Sikuwaomba. Na kwetu mtu hapewi heshima mbele ya mifugo yake akaikataa. Wakatangulia. Wakapigiwa makofi. Na wewe ukachukua kipaza sauti, kipaza sauti changu, ukasema, "Wale wa kwanza warudi ndani. Hawajaoga vizuri."

Ulikisikia kile kicheko? Mimi nilikisikia. Kuna aliyesema, "Diwani amerudishwa darasa la kwanza," na mpaka leo sokoni wananiita Darasa la Kwanza. Nikasema ng'ombe waende zao, nao wakaenda, na wataendelea kwenda mara moja kama ng'ombe wa watu wengine.

Ungeninong'oneza, Mulei. Hilo tu. Na usiniambie habari za vitabu. Mimi na wewe tulipeleka ng'ombe pale miaka yote ile, wakaingia mara moja, wakatoka, wakazeeka. Baba hakurudisha hata ndama.

Wazee wamekwisha kuamua kila Jumanne wangu ndio wafungue. Ni shukrani yao. Sitawatupia usoni.

Diwani S. Metito


Kajiado,
17 Juni 1998

Sankale,

Sikunong'ona kwa sababu ng'ombe walikuwa wanaondoka na wewe ulikuwa umezungukwa na watu wanaokushika mkono.

Soma hii polepole. Dawa ya siku za baba yako ilikuwa nyingine. Iliyeyuka ndani ya maji ikabaki imeyeyuka. Hii ya sasa haiyeyuki, inaelea tu, na ikikaa wiki nzima bila kuguswa inalala chini kama unga kwenye sufuria ya uji. Ng'ombe wa kwanza kuingia ndio wanaoikoroga kwa miguu yao. Wao wanatoka na maji matupu mgongoni, na wanaowafuata ndio wanaopata dawa. Ndiyo maana wa kwanza lazima warudi. Kama kila Jumanne wanaofungua ni wako, basi kila Jumanne ni wako ambao hawajaoga.

Siyo habari za vitabu. Nimewaona wakifa.

Na ile bure nimeikubali kwa kuwa umeshinda kwenye halmashauri, siyo kwa kuwa una haki. Nakupa mwaka mmoja.

Sitaomba msamaha kwa nilichosema. Kicheko ndicho kinaniuma. Hicho sikukipanga, na nisingetaka watu wakucheke, wewe hasa.

Mulei


Kitengela,
5 Oktoba 1999

Pakiteng,

Bado nina kinyongo, lakini jina ni la baba, siwezi kukunyang'anya.

Ulitupa mwaka mmoja. Umepita na miezi juu. Dipu linafanya kazi kila Jumanne, halmashauri imenunua dawa mara ya tatu, na ile chupa yako ya mwisho ilirudi kutoka maabara na alama nzuri, wewe mwenyewe ulitia sahihi. Ng'ombe wa Kamene sasa ni watano. Aliniletea maziwa nyumbani, akaweka kibuyu mlangoni akaenda zake. Ningekuwa na wewe siku hiyo nisingekutambia. Labda kidogo.

Mimi nimeuza mifugo yangu. Mtu wa mikutano hapati nafasi ya kuchunga. Watu wanasema diwani amekuwa mtu wa mjini, na waseme tu.

Juzi nilipita pale boma la baba lilipokuwa. Jua lilikuwa linaelekea Ngong, upepo ule ule. Nikajikuta napiga mluzi, ule wa kuwaita warudi jioni. Nikatazama huku na huku kama kuna mtu amenisikia. Unaweza kuupiga bado? Wewe ulikuwa unaharibu mwisho wake.

Sankale


Matasia,
18 Februari 2001

Sankale,

Serikali imenipunguza. Ndilo neno lililo kwenye karatasi. Miaka ishirini na moja, halafu mtu ambaye hajawahi kushika sikio la ng'ombe anaamua kwamba watu wa dawa wamezidi. Nimehamia hapa Matasia, kwenye kipande cha mke wangu, na nafuga kuku. Wananiheshimu.

Sikuandika kwa ajili ya hilo. Jana nilikuwa soko la Ngong nikakutana na Githinji, yule mnunuzi wa ng'ombe anayezunguka mpaka Bisil. Nikamuuliza habari zako kwa furaha kabisa. Akacheka. "Diwani wa Kitengela? Huyo hana hata ndama. Aligeuza ng'ombe za babake zote zikawa ploti."

Uliniandikia kwamba umeuza, nami nikadhani umepunguza tu. Sikujua ni wote. Ng'ombe wale baba yako aliwajua kwa mama zao na bibi zao. Aliwaimbia, Sankale, na mimi nilikuwepo. Alikataa kuwauza hata mwaka ule mwenyewe alipolazwa hospitali. Na wewe, ambaye ulisimama kwenye jukwaa ukisema dipu ni la kuokoa ng'ombe wa watu, umeokoa wa watu ukawapiga bei wako.

Nilikuwa nikijiambia kwamba hata tukigombana, yupo mtu mmoja Kitengela ambaye bado ni wa siku zile. Nadhani nilikosea.

Mulei


Kitengela,
2 Machi 2001

Shemeji Mulei,

Ni Mugure. Sankale hajui kama nimekuandikia, na ukimwambia nitakukana.

Barua yako ameisoma mara moja, akatoka nje akakaa juu ya lile jiwe la kuoshea nguo mpaka chai ikapoa. Sijawahi kumwona hivyo tangu azike baba yake.

Shemeji, hakuuza hata kwato. Walikufa. Mvua ya mwaka wa tisini na tisa walianza kuvimba tezi chini ya masikio, wakawa wanapumua kwa shida, povu linawatoka puani. Oltikana, ndivyo wenyeji wanavyouita ugonjwa huu wa kupe, na wewe unalijua jina lake la kizungu. Alipokufa wa tatu alirudi nyumbani akaniambia, "Mulei alikuwa na haki." Alisema hivyo, kwa mdomo wake.

Nikamwambia basi mwandikie, waambie na watu. Akasema, "Nikitangaza kwamba ng'ombe wa diwani wamekufa, na kila mtu anajua ndio wanaoingia wa kwanza kila Jumanne, nani atarudi pale? Watasema dawa ni maji. Mimi nitanunua dawa dukani. Kamene je?" Basi akaanza kuwatoa mmoja mmoja, wale wagonjwa, akiwapeleka kwa binamu yake upande wa Isinya na kutangaza kwamba amewauza. Walikufia huko. Yule mwekundu wa baba yake alikuwa wa mwisho, na Sankale alikaa naye siku mbili. Hatuna ploti yoyote. Tuna nyumba hii na kibanda changu cha mitumba.

Halafu akawaita wazee. Hakuwaambia kitu juu ya dawa. Aliwaambia ndoto imemjia: atakayefungua dipu ndiye alifunge, kwa hiyo ng'ombe wanaotangulia lazima pia wawe wa mwisho, wapite tena watu wote wakimaliza, ndipo baraka itulie. Wazee walipenda sana. Siku hizi wanagombania nani afungue na kufunga, na hakuna ng'ombe aliyekufa tena. Wanaojua kwamba huo ni ushauri wako umevalishwa nguo nyingine ni mimi na yeye tu.

Mimi ni mtu wa biashara, sijui mambo yenu. Ninachojua ni kwamba mume wangu amekubali kuitwa mlafi na kata nzima ili ng'ombe za watu zioge, na katika wote waliomwita hivyo, ni wewe tu uliyemuumiza.

Shemeji yako,
Mugure


Matasia,
9 Aprili 2001

Pakiteng,

Usiulize nimejuaje. Najua walikufa.

Nimekaa na karatasi hii siku nyingi. Yule mwekundu nilimkumbuka jinsi alivyokuwa akikataa kuvuka mto mpaka baba yako amshike mkia. Nililia, Sankale, kuku wakinitazama. Nisamehe kwa barua ile.

Sasa nisikilize kama rafiki. Ile ndoto yako imefanya kazi vizuri kuliko kipaza sauti changu, nakubali, na inaniudhi kukubali. Lakini watu wanarudisha ng'ombe bila kujua kwa nini. Siku atakapokuja mkubwa mwingine asiyependa ndoto zako, atasema ng'ombe wake hawapiti mara mbili, na hakuna mtu hata mmoja pale atakayejua kumjibu. Wataanza kufa tena. Waambie. Waambie dawa inalala chini, waambie wako walikufa kwa nini. Watu si watoto. Wakijua sababu watalilinda dipu wenyewe hata wewe ukiondoka.

Umeficha vya kutosha.

Pakiteng wako,
Mulei


Kitengela,
20 Novemba 2002

Pakiteng,

Umeniandikia mara nne juu ya jambo hilo hilo. Mke wako anakuvumiliaje?

Nilinyamaza kwa sababu nilijua una haki na nilijua pia itakuwaje. Wewe ukisema kitu cha kweli, unadhani kazi imekwisha. Mimi najua kwamba ndiyo kwanza imeanza. Watu hawasikii maneno peke yake, wanasikia nani amesema, siku gani, na amesimama karibu na nani. Ukweli huo huo ukitoka kwa mpinzani wangu ni kisu.

Lakini uchaguzi ni mwezi ujao, na huenda nisirudi. Nikianguka, ile ndoto itaanguka na mimi. Kwa hiyo nimekubali. Jumamosi tarehe kumi na nne nina mkutano uwanja wa soko. Nitawaambia yote.

Sharti langu ni moja. Njoo tusimame pamoja. Mimi nitasema ng'ombe wangu walikufa, wewe utasema kwa nini. Kipaza sauti nitakupa mwenyewe safari hii. Najua hupendi mikutano, lakini wanakukumbuka. Bado wanasema, "Yule daktari Mkamba asiyeogopa mtu." Wewe ukisema dawa inalala chini, wataamini. Mimi nikisema, ni siasa.

Usiniache peke yangu pale.

Sankale


Kitengela,
11 Februari 2003

Mulei,

Nilikungoja. Nilisogeza hotuba mpaka mwisho, nikawaacha kina mama waimbe nyimbo zote wanazojua, macho yangu yako barabarani. Kisha nikasimama peke yangu.

Niliwaambia. Walinisikiliza, na nilidhani mambo ni mazuri. Ndipo Kamene akainua mkono. Hakuwa na ubaya wowote, aliuliza kama mtu anayetaka kujua. "Diwani, hiyo dawa inalala chini kwa nini? Na kama inalala chini, hizi ng'ombe zetu za katikati zinapata ngapi?" Mulei, sikujua. Niliujua mstari mmoja tu wa barua yako. Nikaanza kusema, nikachanganya, nikasema uji, nikasema unga, mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Kumbe tumekuwa tukiogesha ng'ombe kwa uji!" Wakacheka kama siku ile ya kwanza. Jioni magari ya mpinzani wangu yalikuwa yakipita na vipaza sauti: dipu la diwani liliua ng'ombe wa diwani, akaficha miaka mitatu. Kila neno lilikuwa kweli.

Kiti kilikwenda. Hicho nimekizoea. Lakini Jumanne iliyofuata walikuja watu sita. Iliyofuata, wawili. Wenye uwezo wamenunua pampu za mkono. Kamene hana pampu. Amekwisha kupoteza mmoja, tezi zile zile.

Sikutaka kusema hili lakini Mugure ameniambia niseme, lisiniozee tumboni. Alikuona. Ulishuka steji ya Kitengela siku ile umevaa koti lako la kijivu. Ulisimama kwa muuza machungwa ukitazama zile bendera na wale vijana waliokuwa wakicheza juu ya lori. Ukanunua machungwa. Ukapanda gari la kurudi.

Sankale


Matasia,
22 Agosti 2004

Pakiteng,

Nilivaa koti lile kwa sababu ndilo nililovaa siku ya kufungua dipu. Nilitaka wanitambue. Kisha nikaona bendera, nikaona picha yako kubwa juu ya lori, na miaka ishirini na moja ya kuambiwa kwamba mtu wa dawa hana chama ikanishika miguu. Sina zaidi ya kusema juu ya hilo. Machungwa sikuyala.

Ninachoweza kukupa ni jibu la Kamene. Limechelewa, lakini aliuliza vizuri, na mtu aliyeuliza vizuri anastahili kujibiwa.

Mwambie hivi. Dawa ile ni vumbi laini sana, zito kuliko maji. Maji yakitulia, vumbi hushuka, hata ungefanya nini. Hilo si ubovu wa dawa, ndivyo ilivyoumbwa. Ng'ombe wakianza kupita, miguu yao inainua lile vumbi, na likishainuka linabaki juu kwa muda wote wa kazi, kwa sababu ng'ombe hawaachi kupita. Kwa hiyo wake wa katikati walipata dawa kamili, na hata wa mwisho. Ni wale wa mbele tu waliokosa, na wakirudi tena wanapata sawa na wengine. Mwambie alikuwa akifanya sawasawa siku zote. Ng'ombe wake walikuwa salama pale.

Nimeandika kwa maneno ambayo ningeyasema siku ile. Nilikuwa nimejizoeza njiani tangu Ngong.

Nimekukosa sana, Sankale. Wewe na siku zile, siwezi kuvitenganisha.

Mulei


Kitengela,
14 Septemba 2004

Pakiteng,

Dipu lilifukiwa mwezi wa tano. Wamemwaga kokoto na sasa wanajenga maduka, orofa mbili. Mugure anataka kukodi moja. Nimemwambia akikodi mimi sitaingia humo, akasema vizuri, nafasi itamtosha.

Barua yako niliipeleka kwa Kamene mwenyewe. Anakaa chumba cha kupanga nyuma ya soko, anauza mboga. Wale ng'ombe walikwisha mwaka jana, mmoja baada ya mwingine, na shamba akauza ili mdogo amalize shule. Nilimkuta akichambua sukuma wiki. Nikamwambia yule daktari amejibu swali lako, akasema, "Swali gani?" Nikamsomea yote, kutoka kwenye lile vumbi mpaka pale unaposema alikuwa akifanya sawasawa.

Aliacha kuchambua. Akaniambia nimsomee tena mahali pale pa ng'ombe wa katikati. Nikasoma. Akasema, "Huyu mtu angekuja ile siku aseme hivi tu, mimi ningerudisha hizo ng'ombe zangu hata mara kumi."

Hakusema kwa ubaya. Alinifungia fungu la mboga akakataa nilipe.

Nimekuandikia kama alivyosema kwa sababu ungetaka kujua, na kwa sababu nimechoka kukuficha vitu. Sina hasira na wewe. Nilikuwa nayo, nikaitafuta asubuhi ya leo nikaikosa. Njoo Jumapili. Dipu hakuna, ng'ombe hakuna, lakini wewe njoo.

Sankale